Stelingi Hafi: Mwongozo Kamili wa Kutazama Picha za Vita na Kumjadili Mwanajeshi Aliyemo

Kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mtu aliyekwenda sokoni hapa Mwanza hakuomba mfuko, aliomba rambo. Dagaa wa Mwaloni waliingia kwenye rambo, nyanya kwenye rambo, madaftari ya mtoto siku ya mvua kwenye rambo. Mwanajeshi wa kwenye sinema akageuka kifungashio.

Rambo tuliyemjua kwenye mabanda ya video ya Mabatini alikuwa yule wa picha ya pili na ya tatu, ya mwaka 1985 na ya 1988: kifua wazi, mkanda wa risasi begani, maadui wanadondoka kama maembe. Ile ya kwanza, First Blood ya 1982, hatukuipenda. Ndani yake anakufa mtu mmoja tu, tena kwa kuanguka kutoka kwenye helikopta, na stelingi, yaani shujaa wa picha, anaimaliza akilia kwenye kifua cha kanali wake. Siku ilipoonyeshwa, waliokaa benchi la mbele walidai warudishiwe hela yao.

Sasa nina mvi, na hiyo ndiyo picha ninayoanza nayo kila ninapopata kundi jipya. Kwa miaka minne nimekuwa nikitandika shuka jeupe ukutani nyumbani kwetu, Jumamosi moja kila mwezi, tunatazama picha ya vita kisha tunaijadili. Wanakuja vijana wa mtaani, mafundi, mwalimu mmoja, na baba yangu mdogo aliyekwenda vita vya Kagera. Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu namna ya kuifanya kazi hiyo, na wewe ukitaka kuianza kwako, iwe Igoma, Musoma au Bukoba, yatakupunguzia makosa.

Hatua ya kwanza: mnyang'anye stelingi cheo chake

Sisi tumelelewa na sheria moja ya banda: kuna stelingi, kuna adui, na stelingi hafi. Akipigwa risasi, ni ya bega. Sheria hiyo ina raha yake, siibezi, ila inamaliza habari ya mema na mabaya kabla picha haijaanza. Akiua stelingi, ni haki. Akiua adui, ni unyama. Hakuna kilichobaki cha kuuliza.

Picha ya vita iliyotengenezwa kwa akili inaivuruga hesabu hiyo makusudi, lakini mtazamaji mwenye mazoea ya banda haielewi, anaona tu kwamba "imepoa". Kwa hiyo fanya hivi. Picha ikifika dakika ya ishirini, isimamishe. Kila mtu aandike kwenye kikaratasi nani ni stelingi na nani ni adui, akikunje, akitie kwenye bakuli. Usivisome. Mtavifungua mwisho. Mara nyingi mtu anakana mwandiko wake mwenyewe, na hapo mjadala umeshaanza bila wewe kuuliza swali.

Hatua ya pili: chagua picha, na uulize nani alitoa helikopta

Usianze na orodha ndefu. Picha nne zinatosha mwaka wa kwanza. Mimi huanza na First Blood kwa sababu kila mtu anadhani anaijua. Kisha All Quiet on the Western Front ile ya Kijerumani ya 2022, inayomfuata kijana Paul Bäumer kwenye mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Kisha Camp de Thiaroye ya Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow, ya 1988, juu ya wanajeshi Waafrika wa Ufaransa. Ya nne, kama kundi limekomaa, Beasts of No Nation ya 2015, iliyopigwa Ghana, juu ya mtoto Agu anayegeuzwa mpiganaji katika nchi isiyotajwa jina.

Kabla hujaamua, chunguza kitu kimoja: vifaa vilitoka wapi? Wizara ya Ulinzi ya Marekani imezoea kuwakopesha watengeneza picha ndege, meli na hata wanajeshi, na sharti ni kwamba mswada usomwe na wizara, nayo inaweza kutaka ubadilishwe. Top Gun ya 1986 ilitengenezwa kwa msaada huo. Platoon ya mwaka uleule, iliyoongozwa na Oliver Stone ambaye mwenyewe alipigana Vietnam, iliukosa. Apocalypse Now ya 1979 nayo iliukosa, ikaazima helikopta za jeshi la Ufilipino, na wakati mwingine katikati ya kazi marubani waliitwa kwenda kupigana na waasi wa kweli. Sisemi kwamba picha iliyopata msaada ni uongo. Nasema ukijua mwenye helikopta, unajua ni maswali gani picha haitayauliza.

Hatua ya tatu: jua nani ameketi kwenye benchi

Hapa nilikosea vibaya. Mwaka wa kwanza nilionyesha Beasts of No Nation bila kumwambia mtu yeyote kilichomo. Katikati ya picha dada mmoja, mpangaji wa jirani aliyetoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, alisimama akatoka. Nikadhani anakwenda msalani. Tulipomaliza tulimkuta ameketi kwenye ngazi za mawe nje, khanga kichwani, na hakuna aliyejua la kumwambia. Sikuwa nimefikiria kwamba kwa mtu mwingine ile si picha.

Tangu siku hiyo kuna kanuni. Siku tatu kabla natuma ujumbe: picha inahusu nini, kuna mauaji ya watoto au la, kuna ubakaji au la. Mlango unabaki wazi na kiti kimoja kinawekwa nje, chenye maji. Anayetoka haulizwi. Wenye umri chini ya miaka kumi na minane hawaingii kwenye picha ya nne hata wakija na mzazi.

Mengine ni ya kawaida: shuka liwe limepigwa pasi, spika ziwe mbele na si nyuma, projekta iwe na chaji kwa sababu umeme una tabia zake.

Hatua ya nne: sauti ya nani inatafsiri?

Wengi wetu picha za Kizungu tulizipata kupitia kwa watafsiri wa kwenye kanda, akina Lufufu na waliomfuata. Ni ufundi mkubwa. Mtafsiri anampa muuaji jina la utani, anamcheka mwoga, anamwombea stelingi. Lakini yeye ndiye anayeamua nani ni mwema, na anaamua kwa niaba yako.

Jaribu zoezi hili. Tafuta mwanzo wa Saving Private Ryan ya 1998, ufukwe wa Omaha kule Ufaransa, Wamarekani wanapotua kupigana na Wajerumani katika Vita ya Pili ya Dunia. Baada ya ngome kutekwa, wanajeshi wawili wanatoka wamenyoosha mikono juu na kusema maneno fulani. Wamarekani wawili wanawapiga risasi, kisha mmoja anatania kuhusu walichosema. Hakuna maandishi ya chini. Mtazamaji wa kawaida anapita, ni Wajerumani wanalialia. Kumbe lugha ile ni Kicheki. Wanasema wao si Wajerumani, ni Wacheki, wasipigwe.

Onyesha kipande hicho mara ya kwanza bila maelezo. Waache wacheke kama watacheka. Kisha waambie maana, ukirudie. Sijawahi kuona kundi lililocheka mara ya pili. Mtengeneza picha alikunyima tafsiri ili nawe uwe kwenye viatu vya wale wawili wenye bunduki: husikii, huelewi, umechoka, na kidole kiko kwenye kifyatulio.

Hatua ya tano: fuata nguo, jina na nywele

Ukiniambia nibakize hatua moja tu katika mwongozo huu, nitabakiza hii. Watu wakisikia "utambulisho wa mwanajeshi" wanasubiri hotuba. Picha nzuri haihutubu, inakuonyesha shati.

All Quiet ya 2022 inaanza na kijana anayeitwa Heinrich akikimbilia kwenye moshi. Hatumwoni akifa vizuri. Kinachofuata ni maiti zinavuliwa, magwanda yanafungwa mafurushi, yanapelekwa kwa treni, yanafuliwa kwenye mapipa ambayo maji yake yanakuwa mekundu, kisha yanafika kwenye ukumbi wa wanawake wenye vyerehani wanaoziba matundu. Halafu tunamwona Paul, mwenye furaha ya kuruta, akikabidhiwa gwanda lake "jipya". Ndani ya kola kuna jina la mtu mwingine. Anamwambia ofisa: samahani, hili lina mwenyewe. Ofisa anakichana kile kitambaa cha jina, anamwambia pengine halikumtosha yule mwenzake, na kinaangukia sakafuni.

Tazameni hicho kitambaa kinapoanguka. Sitisha hapo. Uliza tu: Paul amevaa nini? Mara ya mwisho fundi cherehani wetu, kijana anayenunua mitumba ya kukarabati pale Makoroboi, alikaa kimya muda mrefu kisha akasema yeye hukagua kila nguo mfukoni kabla ya kuishona, na amewahi kukuta tiketi ya basi ya nchi asiyoijua. Hakuongeza neno. Mjadala wa siku ile uliendeshwa na ile tiketi.

Full Metal Jacket ya 1987 inafanya hivyohivyo kwa mashine ya kunyolea. Vijana wananyolewa vipara mmoja baada ya mwingine, nywele zinajaa sakafuni, kisha mkufunzi anawavua na majina, anawapa ya kwake. Aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, atatabasamu, anaijua kwata na anamjua afande wa namna hiyo. Mwache atabasamu, kisha mwonyeshe mwisho wa kambi: kuruta aliyedhihakiwa kuliko wote anamuua mkufunzi na kujiua. Baadaye mhusika mkuu anavaa kofia ya chuma iliyoandikwa kwamba amezaliwa kuua, na kifuani ana beji ya amani. Watu wengi huishia kwenye kofia hiyo kwa kuwa imeandikwa. Mimi naona nywele zinasema zaidi.

Lakini picha ya mavazi iliyo karibu nasi ni Camp de Thiaroye. Mwaka 1944 wanajeshi wa Afrika Magharibi waliokuwa wafungwa wa Wajerumani wanarudishwa Senegal, wamevaa magwanda ya Kimarekani waliyopewa njiani. Sajini meja Diatta, msomi, mwenye mke Mfaransa, anaingia mjini Dakar akiwa ndani ya gwanda hilo, na kwenye danguro moja anakaribishwa kama bwana kwa kudhaniwa ni Mmarekani mweusi. Wakigundua ni Mwafrika wa palepale, anafukuzwa. Nje anakutana na polisi wa jeshi la Marekani wanaomtwanga. Ngozi haikubadilika, kilichobadilika ni wanachodhani kiko ndani ya shati. Kambini nako maofisa wanawavua magwanda hayo na kuwavika tena nguo za kikoloni na kofia nyekundu, na kwenye kubadilisha fedha zao wanakatwa nusu.

Wakagoma. Alfajiri ya tarehe 1 Desemba 1944 wakapigwa risasi na jeshi walilolitumikia. Tukio ni la kweli. Ufaransa ilitaja vifo 35, hesabu ambayo hadi leo inabishaniwa, na ni mwaka 2024 tu rais wake alipoyaita mauaji yale kwa jina lake. Huku kwetu wapo waliokuwa na babu wa Keya, lile jeshi la kikoloni la Waingereza, waliochukuliwa na Mwingereza hadi Burma. Usishangae mtu akikuletea picha ya babu yake akiwa na kaptula na kofia. Ipitishe mkononi kwa mkono, msome nguo yake kama mlivyosoma ya Diatta.

Hatua ya sita: tafuta mlango wa mwisho

Kwenye maadili swali linaloharibu mjadala ni hili: "Ingekuwa wewe ungefanyaje?" Kila mtu atajibu kama malaika. Nimeliacha kabisa.

Badala yake rudini nyuma kwenye picha mkitafuta dakika ya mwisho ambayo mwanajeshi bado angeweza kukataa. Sisi tunaiita mlango wa mwisho. Agu ana mlango? Anapopewa panga na kuamriwa na kamanda amkate mtu aliyepiga magoti, je, ule ni mlango, au ulishafungwa siku aliposhikwa msituni? Fundi atasema moja, mwalimu lingine. Shika rimoti, rudisha, tazameni sura ya mtoto na mkono wa kamanda uliomlalia begani. Ubishi unahama kutoka kwenye maneno matupu unakuja kwenye kitu ambacho wote mnakiona.

Kuna mmoja kwenye Saving Private Ryan, Upham, mkalimani. Anatetea mfungwa asiuawe, mfungwa anaachiwa aende. Baadaye anamwona mtu yuleyule amerudi vitani na kumpiga risasi kapteni wake. Mfungwa anajisalimisha tena, anamtambua, anataja jina lake. Upham anampiga risasi. Kwa sheria za vita, aliyenyoosha mikono hauawi. Kwa sheria ya banda, watu wanapiga makofi. Waache wapige, kisha waulize wanampigia nani makofi: yule aliyesema mfungwa asiuawe, au huyu?

Na kuna lile shimo la bomu kwenye All Quiet. Paul amemchoma kisu Mfaransa, na wako wawili tu kwenye matope, mmoja anakata roho polepole kwa sauti ya kukoroma. Paul anamziba mdomo kwa udongo anyamaze. Kisha anajuta, anautoa udongo, anamfuta uso, anamnywesha maji machafu kwa kitambaa. Anapokufa, Paul anamfungulia nguo, anatoa pochi, anakuta picha ya mwanamke na mtoto, na jina.

Usiku ule baba mdogo alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha pembeni, fimbo katikati ya magoti. Mwalimu alianza kueleza kwamba hapo ndipo Paul anaporudi kuwa mtu. Baba mdogo akamkatiza, kitu asichokifanya kamwe.

"Amekosea kufungua ile pochi."

Mwalimu akasema, "Lakini baba, ndiyo imemwonyesha kwamba adui naye ana familia."

"Kwani alikuwa hajui?"

Hatukuwa na jibu. Mpaka leo nikifika kwenye kipande hicho namwangalia Paul usoni kabla hajagusa kifungo cha kwanza, natafuta kama alikuwa anajua.

Hatua ya saba: mfuate mpaka nyumbani

Picha nyingi huishia kwenye bendera. Zinazomfuata mwanajeshi mpaka dukani ni chache, na ni za thamani. The Hurt Locker ya 2008 inamweka mtegua mabomu mbele ya rafu ndefu ya nafaka za kifungua kinywa, achague moja, na anabaki ameduwaa. First Blood inamweka Rambo barabarani, polisi wa mji mdogo wanamwona mzururaji na kumfukuza. Mwishoni analalamika kwamba kule alikabidhiwa vifaa vya mamilioni, huku hapewi hata kazi ya kuegesha magari. Sentensi hiyo waliodai hela yao kwenye banda hawakuisikia, spika zilikuwa mbovu.

Hatua ya nane: ukiwa na mzee kwenye kundi

Mwanza si mbali na vita. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera Oktoba 1978 na kuvunja daraja la Kyaka, huku ndiko watu na shehena zilikopita kuelekea magharibi ya ziwa. Mwaka 1979 ndege ya Libya ilitumwa kuupiga mji wetu, makombora yakakosea yakaangukia hifadhi ya kisiwa cha Saanane na kuua swala kadhaa. Wazee walioiona wapo. Wanajeshi na wanamgambo walioingia Kampala Aprili ile wapo pia, ingawa kila mwaka wanapungua.

Ukimpata mmoja, mwalike kama mgeni, si kama ushahidi. Mpe kiti chenye mgongo. Mwambie mapema picha itahusu nini na muda wake. Muamkie kwanza wewe, na vijana wote wamuamkie kabla taa hazijazimwa. Asipotaka kusema, amekuja kutazama sinema, basi.

Na kuna swali ambalo lazima ulipige marufuku mlangoni: "Uliua wangapi?" Kila kundi lina kijana wa kuliuliza. Mweke kando mapema, mpe kazi ya kushika rimoti.

Badala yake wafundishe kuuliza vitu vya mkononi. Mlivaa nini? Viatu vilikuwa vya saizi yako? Barua zilifikaje? Mwezi uliopita binti mmoja wa kidato cha tatu, tulikuwa tumeonyesha First Blood tu, alimuuliza baba mdogo walikuwa wanakula nini.

"Ndizi," akasema. Watu wakacheka. "Mimi Msukuma, nimezaliwa na ugali, nikala ndizi miezi mitano. Za kuchemsha, za kuchoma, mbichi. Ukifika Masaka, ndizi mpaka upeo wa macho."

Akaeleza namna ya kukata mkungu bila kupiga kelele, namna utomvu unavyoganda mikononi na hautoki kwa maji. Vijana walivuta mabenchi karibu. Projekta ikaishiwa chaji, hakuna aliyeinuka kuwasha taa.

"Shamba moja lilikuwa la mama mmoja," akasema, halafu akaomba maji.

Binti akaenda kuyaleta.